Msumeno wa mnyororo: Maboresho ambayo wakataji miti wangali wanayasubiri

MSUMENO wa mnyororo, ambao Wakenya wengi huuita pawa so, ni miongoni mwa mashine zilizobadilika sana katika muda wa karne moja. Hapo mwanzo ulibebwa na watu wawili. Leo mtu mmoja huutia begani na kwenda nao shambani.

Hata hivyo, wanaoutumia kila siku wangali na orodha ndefu ya mambo wanayotamani kuyaona. Wanataka msumeno usiowarukia usoni, usiowatetemesha mikono hadi ikafa ganzi, usiowaziba masikio, na usiogeuza robo ya gogo kuwa unga.

Baadhi ya maboresho hayo tayari yamebuniwa, ila yanapatikana tu katika mashine za bei ya juu. Mengine yangali ndoto ya wahandisi.

Suala kuu ni kwamba kwa miaka mingi usalama wa mashine hii umetegemea mavazi maalumu na mafunzo, mambo mawili ambayo kibarua wa kukata miti vijijini mara nyingi hana. Kwa mtu kama huyo, boresho lenye manufaa ni lile lililojengwa ndani ya msumeno wenyewe.

Mabadiliko yaliyotokana na malalamiko

Mhandisi Mjerumani Andreas Stihl aliunda msumeno wa mnyororo unaotumia umeme mnamo 1926. Ulikuwa mzito sana. Mwaka uliofuata, Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, aliujaribu msumeno wa petroli katika mlima Dolmar, jimbo la Thuringia, na kampuni yake ikaitwa kwa jina la mlima huo.

Lalamiko la kwanza lilikuwa uzani. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya Stihl kutoa msumeno wa Contra mnamo 1959, uliokuwa na uzani wa kilo 12 na ukaendeshwa na mtu mmoja.

Lalamiko la pili lilihusu kabureta. Zile za awali zilifanya kazi zikiwa wima tu, kwa hivyo mashine haingeweza kulazwa ubavu kukata shina la mti uliosimama bila kwanza kugeuza sehemu ya mbele. Kabureta zenye utando ndizo zilizoliondoa tatizo hilo, na katika miaka ya 1950 msumeno ukaweza kukata ukiwa umeelekezwa upande wowote.

Meno nayo yalibadilishwa na mdudu. Mnamo 1946, mkataji miti Mmarekani Joseph Buford Cox alimtazama buu akitafuna kisiki katika jimbo la Oregon. Aligundua kwamba buu huyo alikata kushoto na kulia kwa taya zilizopinda, wala hakukwangua mbao. Cox aliuiga mtindo huo akaunda mnyororo mpya, na mnamo 1947 akaanza kuuza minyororo hiyo mjini Portland. Minyororo mingi inayouzwa leo imetokana na wazo hilo.

Historia hii inaonyesha kwamba watengenezaji husikia pale watumiaji wanaposema. Swali ni sauti ya mtumiaji yupi ndiyo husikika zaidi.

Teke la msumeno

Ajali inayoogopwa zaidi ni ile ya msumeno kuruka ghafla kuelekea kwa anayeushika. Hutokea wakati sehemu ya juu ya ncha ya bapa, yaani kile chuma kirefu kinachouongoza mnyororo, inapogusa tawi au gogo jingine.

Mnyororo huwa unazunguka kwa kasi ya zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Jino linaponasa kwenye ncha, nguvu yote iliyokuwa ikikata mti hugeuka na kulisukuma bapa juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya mkataji. Tukio lenyewe huisha kabla mtu hajatambua kilichotokea.

Mapema katika miaka ya 1970, kampuni za Stihl na Husqvarna zilianza kuweka breki ya mnyororo. Kinga ya mkono iliyo mbele ya mshikio hufanya kazi pia kama wenzo wa breki. Mkono wa kushoto ukiigonga, mnyororo husimama katika sehemu ndogo ya sekunde. Baadaye breki hiyo iliboreshwa ili ijifunge yenyewe mashine inaporuka, hata kama mkono haukuigusa.

Wakataji wanatamani zaidi ya hapo. Jambo la kwanza ni breki inayojifunga pindi mkono wa kulia unapoachilia mshikio wa nyuma. Teknolojia hiyo ipo katika baadhi ya miundo ya Stihl, lakini haijawa ya kawaida katika misumeno yote.

Jambo la pili ni mnyororo unaotambua mwili wa binadamu na kusimama. Kwa misumeno ya mezani ya maseremala, Mmarekani Steve Gass alibuni mfumo wa SawStop unaohisi umeme wa mwili na kulisimamisha gurudumu la meno mara moja. Ugumu wa kuuhamisha mfumo huo hadi msituni ni kwamba mti mbichi umejaa maji, na maji hayo nayo hupitisha umeme. Mashine ingesimama kila mara bila sababu.

Kwa sasa kinga iliyopo ni suruali maalumu yenye nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hizo huchomoka na kujisokota kwenye gurudumu linalouzungusha mnyororo hadi injini ikwame. Viwango vya kimataifa huzigawa suruali hizo kulingana na kasi ya mnyororo zinayoweza kuizuia, kuanzia mita 20 hadi 28 kwa sekunde.

Suruali hizo zilibuniwa kwa misitu ya nchi za baridi. Kwenye joto la Kilifi au Kitui, ni vigumu kwa mtu kuivaa kutwa nzima. Hii ni sababu nyingine ya kutaka kinga iwe kwenye chuma badala ya kuwa kwenye kitambaa pekee.

Mtetemo na kelele

Madhara mengine hayaonekani siku hiyo hiyo. Mtetemo wa injini hupita kwenye mishikio hadi vidoleni, na baada ya miaka kadhaa huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Vidole hugeuka vyeupe, hufa ganzi, na hatimaye mtu hushindwa hata kufunga kifungo cha shati.

Ushahidi kwamba muundo bora huponya upo. Katika wilaya ya Suomussalmi nchini Finland, watafiti waliwafuatilia wakataji miti kuanzia 1972 hadi 1990. Katika kipindi hicho, idadi ya waliokuwa na ugonjwa wa vidole vyeupe ilishuka kutoka asilimia 40 hadi asilimia 5, sambamba na kupungua kwa mtetemo wa mashine walizotumia.

Kilicholeta tofauti ni springi na mipira iliyotenganisha injini na mishikio. Muungano wa Ulaya nao, kupitia agizo la mwaka 2002, uliweka kikomo cha mtetemo ambacho mfanyakazi hapaswi kukizidi kwa siku yenye saa nane za kazi.

Nchini Kenya, tatizo mara nyingi huanza mashine inapozeeka. Mipira hiyo hupasuka, na fundi asiye na vipuri huikaza kwa boliti au kuifunga kwa waya. Msumeno huendelea kukata, lakini kinga ya mtetemo huwa imekwisha. Kwa hivyo ombi la watumiaji ni mipira ya bei nafuu inayobadilishwa kwa bisibisi moja, pamoja na alama ya kuonyesha imechakaa.

Kuhusu kelele, msumeno wa petroli hutoa zaidi ya desibeli 100 kwenye sikio la anayeutumia. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinataka mfanyakazi asizidishe wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Kwa vipimo vya taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, sikio lisilozibwa huvumilia desibeli 100 kwa dakika 15 tu kwa siku.

Ekzosi inayopunguza sauti zaidi ingewezekana, ila huongeza uzani na joto, na huibana injini. Hapo ndipo mhandisi hulazimika kuchagua.

Injini, mafuta na nyanda za juu

Misumeno mingi ya petroli hutumia injini ya mipigo miwili, ambayo huhitaji petroli iliyochanganywa na oili. Mchanganyiko wa kawaida kwa oili ya kisasa ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita tano za petroli.

Kosa dogo katika kipimo hicho huiua injini. Oili ikipungua, pistoni hukwaruza silinda na mashine hukwama. Ikizidi, moshi hujaa na plagi huchafuka. Ndiyo maana wengi hutamani msumeno wenye tangi la oili la peke yake, unaojichanganyia mafuta kama zilivyofanya pikipiki nyingi za mipigo miwili. Watengenezaji wameliepuka jambo hilo kwa sababu huongeza pampu, uzani na kifaa kingine cha kuharibika.

Udhaifu mwingine wa injini hizo ni upotevu. Katika muundo wa zamani, kati ya robo na theluthi ya mafuta hutoka kupitia ekzosi kabla ya kuungua. Mkataji huyalipia mafuta hayo kisha huyavuta kama hewa chafu.

Miundo mipya hutanguliza hewa tupu ndani ya silinda ili ndiyo ifukuze moshi, badala ya mafuta kufanya kazi hiyo. Kampuni husika husema mbinu hiyo huokoa hadi asilimia 20 ya mafuta.

Mwinuko wa nchi nao una athari zake. Maeneo kama Molo na Kinangop yako zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Msumeno uliorekebishwa Mombasa, ukipelekwa huko, hupata mafuta mengi kuliko hewa, hutoa moshi na kukosa nguvu.

Fundi mzoefu hurekebisha skrubu za kabureta kwa kusikiliza mlio wa injini. Asiye na uzoefu huzifunga kupita kiasi, injini ikapata mafuta kidogo na kuungua. Kabureta zinazojirekebisha kwa kompyuta ndogo zilitatua tatizo hilo, na mnamo 2019 Stihl ilianza kuuza MS 500i, msumeno unaonyunyiziwa mafuta kwa umeme bila kabureta ya kawaida.

Kwa mtumiaji wa mashambani, maendeleo hayo yana pande mbili. Mashine hufanya kazi vyema mahali popote, lakini ikiharibika, fundi wa jua kali hawezi kuifungua bila kifaa cha kuipima. Boresho linalotakiwa hapa ni kifaa hicho kiwe cha bei nafuu na kipatikane nje ya miji mikubwa.

Je, betri ndiyo jawabu?

Misumeno ya betri imeondoa malalamiko kadhaa kwa mpigo mmoja. Haihitaji kuchanganya mafuta wala kuvuta kamba, kelele na mtetemo wake ni mdogo, na haitoi moshi.

Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyopitishwa mnamo 2021 iliandaa njia ya kuzuia uuzaji wa mashine mpya ndogo za petroli, ikiwemo misumeno midogo, kuanzia miundo ya mwaka 2024.

Hata hivyo, hesabu ya nishati haijabadilika. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9. Betri ya kawaida ya msumeno wa kitaalamu ina takriban kilowati-saa 0.3. Hata baada ya injini kupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kama joto, lita moja bado huishinda betri hiyo mara kadhaa.

Kwa anayepogoa miti karibu na nyumba, hilo si tatizo. Kwa anayeangusha mikaratusi kilomita kadhaa kutoka kwenye nyaya za umeme, ni kizingiti. Paneli ya jua ya wati 100 ingehitaji zaidi ya saa tatu za jua kali kuijaza betri moja ya aina hiyo.

Watumiaji wa betri wana ombi moja zaidi ambalo halihitaji ugunduzi wowote: betri ya kampuni moja iingie katika mashine ya kampuni nyingine. Kwa sasa anayenunua betri huwa amefungwa na kampuni iliyomuuzia.

Makali na oili ya mnyororo

Msumeno butu ni hatari kuliko mkali, kwani humlazimu mkataji kuusukuma. Dalili yake ni rahisi kuitambua: badala ya vipande vidogo vya mti, hutoa unga laini.

Kunoa kunahitaji tupa ya mviringo ya ukubwa unaofaa. Mnyororo wa kawaida wa misumeno mikubwa hutumia tupa ya milimita 5.2, na wa misumeno midogo hutumia ya milimita 4. Pembe ya kunoa huwa karibu nyuzi 30. Wengi hawajui pia kwamba kile kijino kifupi kilicho mbele ya kila jino ndicho hupima kina cha kukata, na kikipunguzwa kupita kiasi msumeno hurusha zaidi.

Kwa sababu hiyo, mnyororo unaojinoa ni ombi la muda mrefu. Kampuni ya Oregon ilitoa mfumo wa PowerSharp, unaonoa mnyororo ukiwa ungali kwenye mashine kwa kubonyeza jiwe dogo kwa sekunde chache. Lakini mfumo huo huhitaji mnyororo wake maalumu, jambo linaloufanya usimfae anayenunua mnyororo wowote uliopo dukani.

Mnyororo pia huhitaji kulainishwa, na oili yake yote huishia ardhini. Baadhi ya wakataji hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari. Oili hiyo ina chembechembe za chuma na kemikali zinazodhuru ngozi na udongo, na huziba pampu.

Oili za mimea zinazooza zipo, na nchini Austria oili zisizooza zimepigwa marufuku kwa kazi hiyo. Kinachohitajika katika muundo ni pampu inayoweza kusukuma oili nzito ya mimea bila kukwama, pamoja na dirisha la kuonyesha oili inapokaribia kuisha.

Kupasua mbao

Pengo kubwa zaidi kati ya mtengenezaji na mtumiaji wa Afrika Mashariki liko hapa. Msumeno wa mnyororo uliundwa kuangusha mti na kukata magogo. Nchini Kenya, watu wengi huutumia pia kupasua mbao shambani kwa mkono mtupu, wakifuata mstari uliochorwa kwa uzi.

Njia ya mnyororo ndani ya mti huwa na upana wa takriban milimita 8. Mkulima akipasua mbao zenye unene wa milimita 25, kila ubao unaopatikana huambatana na milimita 8 za unga. Karibu robo ya gogo hupotea hivyo, kabla ya kuhesabu mbao zilizopinda. Msumeno wa utepe, wenye njia ya milimita 3 hivi, hupoteza karibu asilimia 11 tu.

Kwa mwenye mti wa mkaratusi au mukau aliousubiri kwa miaka, robo hiyo ni fedha halisi. Fremu ya kuongoza bapa ili mbao zitoke sawa imekuwepo kwa miongo mingi, na mnyororo wa kupasulia wenye pembe ya nyuzi 10 huuza ubao laini zaidi sokoni.

Ombi hapa ni la wazi. Msumeno unaouzwa katika soko hili uje na mashimo ya kufungia fremu, mnyororo mwembamba wa kupasulia, na pampu inayotoa oili zaidi, kwa kuwa kupasua huchosha mashine kuliko kukata.

Nambari na ufuatiliaji

Maboresho mengine hayatoki kwa wakataji bali kwa walinzi wa misitu. Ufilipino ilipitisha sheria ya misumeno ya mnyororo mnamo 2002, inayomtaka kila mwenye msumeno awe na kibali na kuusajili.

Nchini Kenya, serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018. Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo Julai 2023, hatua iliyofikishwa mahakamani. Katika kipindi chote hicho, mlio wa msumeno ndio uliotofautisha msitu salama na ule unaovamiwa.

Vifaa vinavyohesabu saa za kazi za mashine tayari vinauzwa kwa kampuni zenye misumeno mingi. Vikiunganishwa na nambari isiyofutika, vingesaidia kumtambua mmiliki, na pia kuikamata mashine iliyoibwa. Changamoto ni kwamba kifaa kinachobandikwa nje hubanduliwa kwa urahisi.

Mambo ya kukagua kabla ya kununua

Wakati maboresho hayo yakisubiriwa, mnunuzi anaweza kudai yale yaliyopo. Kwanza, aijaribu breki: injini ikiwa inanguruma, mnyororo usimame papo hapo kinga ya mbele inaposukumwa. Mashine nyingi bandia hushindwa mtihani huo.

Pili, aachilie kabisa kidude cha kuongeza kasi na kuhakikisha mnyororo hauendelei kuzunguka. Tatu, atikise mishikio ili kukagua mipira ya mtetemo. Nne, atazame chini ya mashine kama pana kile kidude cha kuudaka mnyororo unapokatika.

Mwisho, aulize kama vipuri vya mambo hayo manne vinapatikana karibu naye. Msumeno usio na kipuri cha breki utakata miti kwa miaka mingi, lakini siku utakapopiga teke, atakayelipa gharama ni aliyeushika.